Riba imeshuka mara tisa, lakini bili za Serikali zingali kwenye droo

Bwana Mhariri,

Tarehe 9 Desemba 2025, Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Kenya iliteremsha riba yake ya msingi, ile inayoongoza riba za mikopo ya benki, kutoka asilimia 9.25 hadi asilimia 9.00. Hiyo ilikuwa mara ya tisa mfululizo kwa riba hiyo kupunguzwa tangu Agosti 2024, ilipoanza kushuka kutoka asilimia 13. Kila inapopunguzwa, sisi wafanyabiashara huambiwa redioni na magazetini kwamba sasa mikopo itakuwa nafuu, wananchi watanunua zaidi na maduka yetu yatachangamka. Nimeusubiri uchangamfu huo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini ninaamini kwamba Benki Kuu imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yake, na kwamba kinachoikwamisha kazi hiyo kiko mtaa wa jirani tu, katika Hazina ya Kitaifa: bili za watu walioiuzia Serikali ambazo hazijalipwa.

Nilifundisha somo la Biashara katika shule za upili kwa miaka 27, na tangu nistaafu nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi. Darasani nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba mahitaji ya jumla katika uchumi ni yote ambayo kaya, biashara, Serikali na wanunuzi wa nje wako tayari kuyanunua na wana fedha za kuyalipia. Sikujua kwamba siku moja ningewaona wanunuzi hao wanne wakipita mlangoni pangu. Mama anayenunua mabati kumi ya kumalizia nyumba ni kaya. Mwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu ya Mombasa anayeongeza vyumba sita ni uwekezaji. Mwanakandarasi anayejenga madarasa kwa fedha za umma ni Serikali, hata kama anakuja na lori lake mwenyewe. Na mtalii anayelala Tsavo, pamoja na mnunuzi wa mkonge wa Mwatate aliye ng'ambo, wananunua kwangu bila kujua, kupitia mishahara ya watu wanaowahudumia. Ninapofunga hesabu za mwezi, ninaona ni nani kati ya wanne hao amepungua, na kwa miaka mitatu sasa aliyepungua kuliko wote ni yule wa tatu.

Nianze na Benki Kuu, maana haki yake inafaa kutolewa kwanza. Ilipopandisha riba kwa pointi mbili nzima mnamo Desemba 2023, kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5, na kisha kuifikisha asilimia 13 Februari 2024, wengi wetu tulilalamika kwamba inatunyonga. Lakini tukumbuke hali ilivyokuwa. Dola ya Marekani ilikuwa imepita shilingi 160 mwezi Januari 2024, nchi ilikuwa na deni la hatifungani ya kigeni (hati ambayo Serikali huiuza ili kukopa) la dola bilioni mbili lililopaswa kulipwa Juni mwaka huo, na wawekezaji walikuwa wakiulizana waziwazi kama Kenya italipa. Riba ya juu haikusudiwi tu kumzuia mwananchi asikope. Humshawishi pia mwenye dola azibadilishe kuwa shilingi, na shilingi inapopata nguvu, mafuta, ngano na chuma vinavyoingia bandarini Mombasa hupungua bei bila mtu kupunguza matumizi yake. Serikali ilipouza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 Februari 2024 na kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani, hofu ilipungua, na katikati ya mwaka dola ilikuwa imerudi karibu shilingi 130, ambako imekaa hadi leo. Mfumko wa bei, uliokuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022, ulikuwa umeshuka hadi asilimia 2.7 Oktoba 2024. Si yote hayo yalitokana na riba, kwa sababu mfumko wa 2022 ulitokana zaidi na ukame na bei za mafuta na nafaka baada ya vita vya Ukraine, na hakuna kamati inayoweza kupiga kura mvua inyeshe. Hata hivyo, sehemu ya shilingi ilikuwa ya Benki Kuu, na ilifanya vizuri.

Ubaya ni kwamba dawa hiyo ilipita kwenye miili yetu kwanza. Mwaka 2023 nilichukua mkopo wa biashara kwa riba inayobadilika ya asilimia 16, na kufikia katikati ya 2024 barua ya benki ilinijulisha kwamba nilikuwa nalipa 19. Nilipunguza akiba ya nondo ghalani, nikamwachisha kazi kijana mmoja kati ya watatu, na nikaacha kuwakopesha mafundi. Watu wengi walifanya kama mimi kwa wakati mmoja. Kufikia Novemba na Desemba 2024 mikopo ya benki kwa sekta binafsi haikuwa inakua hata kidogo, bali ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia moja ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Sekta ya ujenzi, ambayo ndiyo riziki yangu, ilisinyaa kwa asilimia 0.7 mwaka 2024, na ukuaji wa uchumi wote ukashuka kutoka asilimia 5.7 hadi 4.7. Hivyo ndivyo sera ya fedha inavyobana mahitaji ya jumla. Haimkatazi mtu kununua, ila inamfanya kila mmoja aahirishe, na kuahirisha kwa mmoja ni ukosefu wa mauzo kwa mwingine.

Sasa riba inashuka, na swali langu ni hili: unafuu huo umefika wapi kwanza?

Tuziangalie tarakimu. Riba ya Benki Kuu imeshuka kwa pointi nne nzima. Wastani wa riba za mikopo ya benki, ambao ulikuwa karibu asilimia 17.2 Novemba 2024, ulikuwa karibu asilimia 15 mwaka mmoja baadaye, yaani umeshuka kwa pointi mbili na ushei. Lakini hati za Hazina za siku 91, ambazo Serikali huzitumia kukopa kwa muda mfupi, zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, na kufikia mwisho wa 2025 zilikuwa karibu asilimia 8. Riba anayotozwa mkopaji mkubwa kuliko wote nchini imekatwa nusu, ilhali yetu imepunguzwa kwa sehemu ndogo tu. Sisemi kwamba huo ni wizi. Benki zina sababu zao, na nyingine ni za kweli. Zilipokea amana za muda maalum kwa riba kubwa wakati mambo yalipokuwa magumu, na ni lazima amana hizo ziive kabla ya gharama yao kupungua. Aidha, katikati ya 2025 zaidi ya asilimia 17 ya mikopo yote ya benki ilikuwa haihudumiwi ipasavyo, na mwenye benki anayeona mkopo mmoja kati ya sita ukilegea hawezi kukimbilia kumpunguzia bei mkopaji wa saba.

Benki Kuu yenyewe imelipigania jambo hili. Februari 2025 ilipunguza kiwango cha amana ambacho benki hulazimika kukihifadhi kwake kutoka asilimia 4.25 hadi 3.25, ili benki ziwe na fedha zaidi za kukopesha, na ikatuma wakaguzi kuangalia kama wateja wanapunguziwa riba kweli. Baadaye ikaleta utaratibu mpya wa kupanga bei ya mikopo kwa kufuata riba ambayo benki hukopeshana zenyewe usiku mmoja. Hayo yote ni mazuri, lakini ninaona kwamba yanakaribia mwisho wa uwezo wake, na hapa nakumbusha jambo ambalo wengi wamelisahau. Mwaka 2016 Bunge lilijaribu njia ya mkato, likaweka kikomo kwamba riba ya mkopo isizidi riba ya Benki Kuu kwa zaidi ya pointi nne. Tulishangilia. Kilichofuata ni kwamba benki ziliacha kuwakopesha watu kama mimi, kwa kuwa zingeweza kuikopesha Serikali bila hofu na kupata karibu kiasi kile kile. Tena kulikuwa na kinyume kimoja cha kusikitisha: Benki Kuu ilipopunguza riba yake ili kuchochea mikopo, kikomo nacho kilishuka, na wakopaji wadogo wakazidi kuachwa nje. Sheria hiyo ilifutwa Novemba 2019. Riba rahisi ambayo hupewi haina tofauti na bei ya bidhaa ambayo haiko dukani.

Kwa hivyo, tuihamie sera ya bajeti. Serikali huathiri mahitaji ya jumla kwa njia mbili ambazo kila mtu anazijua, yaani inachotoza na inachotumia, na kwa njia ya tatu ambayo haitajwi katika hotuba ya bajeti, nayo ni inachonunua bila kulipa.

Kuhusu inachotoza, nitatoa mfano wa karani wa kampuni binafsi anayelipwa shilingi 50,000 kwa mwezi, mshahara ambao haujabadilika tangu 2022. Mwaka huo alikatwa shilingi 200 za NSSF, yaani mfuko wa uzeeni, na shilingi 1,200 za bima ya afya ya NHIF. Leo anakatwa shilingi 3,000 za NSSF, shilingi 1,375 za SHIF, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, kwa kiwango cha asilimia 2.75, na shilingi 750 za ushuru wa nyumba kwa kiwango cha asilimia 1.5. Makato yake yamepanda kutoka shilingi 1,400 hadi 5,125. Ni kweli, na ni haki kusema, kwamba tangu mabadiliko ya Desemba 2024 makato hayo huondolewa kabla ya kodi ya mapato kuhesabiwa, hivyo kodi yake imepungua kwa takriban shilingi 1,300. Ukipiga hesabu yote, anabaki na takriban shilingi 39,000 badala ya 41,400 na ushei. Amepoteza kama shilingi 2,400 kila mwezi kabla hajaingia dukani, na humo dukani mfumko wa miaka mitatu unamsubiri. Mwajiri wake naye hutoa kiasi kile kile cha NSSF na cha ushuru wa nyumba, jambo linalomfanya afikirie mara mbili kabla ya kuajiri karani wa pili.

Wapo watakaosema kwamba fedha za NSSF si kodi bali ni akiba ya mwenyewe, na za ushuru wa nyumba hurudi kwa mafundi wanaojenga nyumba hizo. Nakubaliana nao kwa sehemu. Nimewauzia saruji baadhi ya mafundi hao. Lakini kwa upande wa mahitaji ya leo, akiba ya uzeeni ni shilingi iliyoondoka sokoni leo, na sehemu kubwa yake huishia kununua hatifungani za Serikali. Na ujenzi wa nyumba umejikita mahali fulani, ilhali makato yanatoka kila mahali. Karani wa Taveta anapunguza ununuzi wake Taveta. Saruji inamwagwa kwingine.

Kuhusu inachotumia, bajeti ya mwaka wa fedha wa 2025/26 iliyosomwa Juni 2025 ilikuwa takriban shilingi trilioni 4.3, na nakisi yake, yaani pengo kati ya mapato na matumizi, takriban shilingi bilioni 920, ambayo nyingi yake ilipangwa kukopwa humu nchini. Anayesikia nakisi hiyo atadhani kwamba Serikali inatusukumia fedha kwa koleo. Lakini zaidi ya trilioni moja ya bajeti hiyo ni riba ya madeni. Shilingi inayolipwa riba ni matumizi kwenye vitabu, ila haimlipi mwashi wala hainunui mchanga. Huenda kwa benki, mifuko ya uzeeni na wawekezaji wa nje, ambao wengi wao huigeuza kuwa mkopo mwingine kwa Serikali ile ile. Februari 2024 Serikali iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, tena isiyotozwa kodi. Iliomba shilingi bilioni 70, ikaletewa zaidi ya bilioni 280, ikachukua karibu bilioni 241. Mwenzangu mmoja aliyestaafu pamoja nami alikuwa anapanga kufungua duka la rangi na mabomba. Aliweka kiinua mgongo chake chote kwenye hatifungani hiyo, na hata mimi nilimwambia amefanya vyema, kwa maana ni biashara gani ya rangi itakayompa asilimia 18 bila kuamka asubuhi? Ukijumlisha maamuzi ya namna hiyo nchi nzima, utaelewa jinsi ukopaji wa Serikali unavyoweza kumsukuma nje mwekezaji hata kabla hajafika kwa meneja wa benki. Na hatifungani hiyo bado inalipwa kwa riba ile ile ya 2024, haijali Benki Kuu imepunguza mara ngapi.

Sasa nifike kwenye njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mwaka 2023 niliuza saruji, nondo na mabati ya shilingi 640,000 kwa mwanakandarasi aliyepewa kazi ya kujenga madarasa na ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Madarasa yalikamilika, yakakaguliwa, watoto wanasomea humo. Yeye hajalipwa, nami sijalipwa. Mwanakandarasi huyo alikuwa amekopa benki ili aanze kazi, na mkopo wake umeshaingia katika ile asilimia 17 niliyoitaja. Mimi mkopo wangu nimeulipa kwa kuuza kiwanja. Mafundi wake wanane walilipwa nusu. Mmoja wao alihamia Mombasa kutafuta kibarua, na mke wake aliyekuwa akichukua unga na sukari kwa mkopo katika duka lililo jirani nami aliacha kuonekana hapo kwa aibu. Mwenye duka hilo ameniambia deni lake lilikuwa shilingi 4,300. Hiyo ndiyo njia ambayo shilingi 640,000 zisizolipwa hugeuka kuwa upungufu mkubwa zaidi ya 640,000.

Kiuchumi, ofisi ile imekopa kwangu bila kuniuliza, bila riba na bila tarehe ya kulipa, nami nikalazimika kukopa benki kwa asilimia 19 ili niikopeshe. Mkopo huo haumo katika takwimu za deni la taifa tunazosomewa. Nakisi inayotangazwa huhesabu zaidi fedha zilizotoka, kwa hivyo bili iliyolala kwenye droo huifanya Serikali ionekane imebana matumizi kwa uhodari. Kwa kweli imebana, lakini imembana mtu asiye sahihi, na imefanya hivyo bila kura ya Bunge. Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudia kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi, ulitupwa baada ya vijana kujaza barabara na damu kumwagika. Kubanwa kwa bajeti kulikuja hata hivyo, ila kupitia mlango wa nyuma: miradi ilisimama na malipo yakacheleweshwa. Wakati huo huo riba ya Benki Kuu ilikuwa kwenye kilele chake. Sera zote mbili zilivuta kamba upande mmoja, upande wa kupunguza mahitaji, na sekta ya ujenzi ikasinyaa kama nilivyoeleza.

Sasa Benki Kuu imegeuka na kuvuta upande mwingine, lakini Hazina haijageuka sawasawa. Ninajua kwamba kuna hatua. Kamati ya kuhakiki bili zilizolimbikizana kuanzia 2005 hadi 2022, chini ya aliyekuwa Mkaguzi Mkuu Edward Ouko, imefanya kazi yake, na nakubali kwamba haifai kulipa bili za uongo. Wanakandarasi wa barabara wameanza kulipwa kwa fedha zilizokopwa kwa dhamana ya shilingi saba za ushuru wa matengenezo ya barabara unaotozwa kwenye kila lita ya mafuta, ushuru ambao ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 mwaka 2024. Malipo hayo yamesaidia. Matingatinga yamerudi barabarani hata huku kwetu. Lakini angalia jinsi yalivyopangwa: mwenye matatu na mwenye bodaboda wanalipia kila siku kwenye kituo cha mafuta kazi ambayo ilikwisha kutengewa fedha katika bajeti za miaka iliyopita. Mahitaji yaliyoongezwa kwa mkono mmoja yanapunguzwa kidogo kwa mkono mwingine. Na mwanakandarasi wa madarasa, wa zahanati au wa kisima, hana ushuru wa mafuta wa kukopea.

Nasisitiza bili kuliko kupunguza kodi kwa sababu ya hesabu ya kawaida. Serikali ikimpunguzia kodi mtu mwenye kipato kikubwa, huenda akaweka akiba au akanunua gari kutoka Japani. Ikimlipa mwanakandarasi deni lake, sehemu kubwa inarudi mara moja kwa fundi, kwa mwenye duka na kwa mama ntilie, na sehemu nyingine inapunguza mikopo mibovu ya benki. Hili la pili ndilo muhimu zaidi kwa Benki Kuu. Mkopo wa mwanakandarasi ukifufuka, benki inapungukiwa na hofu, na riba yangu mimi inaweza kushuka kuufuata ule upunguzaji wa mara tisa. Kwa maneno mengine, bili isiyolipwa ndicho kizibo kilichokaa katikati ya mfereji wa sera ya fedha, na mwenye kidole juu ya kizibo hicho ni Hazina na serikali za kaunti. Sidai kwamba kila shilingi itakayolipwa itazunguka hapa Voi. Klinka, malighafi ya kusagia saruji, nyingine huagizwa kutoka nje, chuma cha mabati vivyo hivyo, na ushuru wa asilimia 17.5 uliowekwa 2023 kwa klinka ya nje umefanya sehemu ya ongezeko lolote la mahitaji iishie kwenye bei badala ya mifuko ya saruji. Lakini ujira wa fundi hauagizwi kutoka nje.

Jambo hili si nadharia yangu tu, kwani Serikali ya Kenya ilishawahi kulikiri kwa vitendo. Mnamo Machi 2020, janga la korona lilipoanza, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wizara na idara zilipe angalau shilingi bilioni 13 za bili zilizohakikiwa ndani ya wiki tatu, na Mamlaka ya Mapato iharakishe kurejesha shilingi bilioni 10 za VAT kwa wafanyabiashara. Kodi hiyo ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikashushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na waliokuwa wakipata hadi shilingi 24,000 wakasamehewa kabisa. Upande wa pili, Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 8.25 hadi 7.25 na kisha 7, na ikaachilia takriban shilingi bilioni 35 kwa kupunguza akiba ya lazima ya benki. Uchumi ulisinyaa kidogo hata hivyo mwaka huo, kwa sababu hoteli zilikuwa zimefungwa na hakuna riba inayoweza kumrudisha mtalii ambaye ndege yake haipai. Lakini bila hatua hizo anguko lingekuwa kubwa zaidi, na mimi binafsi nakumbuka kwamba wiki za Aprili na Mei 2020 nililipwa madeni mawili ya zamani ambayo nilikuwa nimeshayafuta kitabuni. Ikiwa bili zilionekana kuwa dawa ya haraka wakati huo, sioni kwa nini leo zihesabiwe kuwa jambo la kusubiri kamati.

Najua pingamizi litakalokuja: Serikali haina fedha, na ikikopa zaidi kulipa bili itapandisha riba tena na kurudisha mfumko. Pingamizi hilo lina uzito, na ningelikubali kama hati za Hazina zingekuwa bado asilimia 16. Sasa ziko karibu asilimia 8. Kila hati ya siku 91 inayouzwa sasa huigharimu Serikali karibu nusu ya ilichokuwa ikilipa katikati ya 2024, na akiba hiyo haikutokana na nidhamu ya Hazina bali na uamuzi wa Benki Kuu pamoja na uvumilivu wetu wa miaka miwili. Kuna nafasi ya kugeuza deni lisilo na tarehe kuwa deni lenye tarehe kwa riba ya chini. Kuhusu mfumko, umekuwa chini ya asilimia 5, ambayo ndiyo katikati ya lengo la Serikali yenyewe, na katika mji ambao mafundi wanashinda chini ya mwarobaini wakicheza bao hakuna hatari kubwa kwamba kuwalipa kutapandisha ujira. Hatari ipo mahali pengine, nayo ni kulipa bili za zamani huku mpya zikilimbikizwa. Ndiyo maana nataka zote mbili zifanyike pamoja.

Kwa hivyo, ombi langu kwa wabunge wetu ni mahsusi. Taarifa ya Sera ya Bajeti itakapowasilishwa Bungeni kabla ya katikati ya Februari, kama sheria inavyotaka, waidai Hazina ieleze mambo mawili kwa tarakimu: ni kiasi gani imeokoa katika gharama ya ukopaji wa muda mfupi tangu Agosti 2024, na ni kiasi gani cha akiba hiyo kitakwenda kulipa bili zilizokwisha kuhakikiwa, kwa kuanza na wale wanaodai kidogo. Miswada ya kuzilazimisha taasisi za umma kulipa wazabuni ndani ya muda maalum imewahi kuletwa na kuachwa ifie njiani. Mmoja wake ufufuliwe, na ufungamane na kaunti pia. Kaunti nazo zisisingizie tu kucheleweshewa mgao kutoka Nairobi, kwa kuwa kuna miezi mgao unafika na tunaona magari mapya kabla hatujaona hundi.

Benki Kuu itaendelea kukutana, na huenda ikapunguza riba tena. Sina ugomvi nayo. Wiki iliyopita meneja wa benki yangu alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo halijatokea tangu 2022, kunijulisha kwamba sasa ninaweza kupata mkopo kwa asilimia 15. Nilimshukuru, nikamuuliza kama anaweza kuipokea ankara ya shilingi 640,000 ya mwaka 2023 kuwa dhamana. Alicheka kwa adabu, akasema ankara za Serikali hawazipokei.

Wako mwaminifu,

Mwalimu mstaafu na mfanyabiashara,
Voi, Kaunti ya Taita Taveta